Kutoka Kabati la Mtu Mmoja hadi Mali ya Umma: Historia ya Mkusanyo wa Murumbi

Haja iliyouzaa

Kati ya vitu vyote ambavyo mkono wa binadamu hutengeneza, nguo ndiyo huwahi kupotea. Chungu kikivunjika, vigae hubaki ardhini. Shoka likishika kutu, umbo lake bado hutambulika. Nguo huvaliwa mpaka ichakae, ikawa nepi, ikawa tambara la kufutia taa, kisha ikaishia jaani. Ile iliyo nzuri kuliko zote mara nyingi huzikwa na mwenyewe.

Huku Isongole jambo hili tunalijua bila kufundishwa. Vitenge huvuka mpaka kutoka upande wa Chitipa, Malawi, na vingine hutufikia kupitia Tunduma. Tangu barabara ya lami ya Mpemba kuja Isongole ikamilike, mizigo inatembea kwa kasi ambayo wazazi wetu hawakuijua. Kila mwaka mitindo mipya huja na ya zamani hutoweka. Nani amehifadhi doti ya miaka ya sabini? Nani anaweza kutuonyesha nguo iliyofumwa kwa pamba ya huku, kabla ya duka la kwanza la Mhindi au Mwarabu kufunguliwa? Wanyiha wa Mbozi na Wafipa wa Rukwa walikuwa wafumaji. Walisokota pamba kwa mkono, wakatandika mtande kwenye miti iliyowekwa karibu na ardhi, wakafuma shuka nzito zilizouzwa kwa majirani waliokuwa bado wakivaa ngozi na magome. Kazi ile ilikufa pole pole, kitambaa cha viwandani kilipokuwa rahisi kuliko jasho la mfumaji.

Kilwa nako hadithi ni hiyo hiyo. Mwanaakiolojia Neville Chittick alipochimba magofu ya Kilwa Kisiwani, alikuta vigae vingi vya mviringo vilivyotobolewa katikati, vizito vya vijiti vya kusokotea uzi. Tuna ushahidi kwamba watu walisokota na kufuma, ila nguo zenyewe hazipo.

Kwa hiyo mtu anayekusanya nguo za zamani kwa fedha zake, akazihifadhi, kisha akaamua zisiwe zake tena, anafanya kazi ambayo hakuna mwingine anayeweza kuifanya baada yake, kwa sababu wakati huo nguo zenyewe zitakuwa zimekwisha. Afrika Mashariki imempata mtu wa namna hiyo. Karibu nusu karne imepita tangu aikabidhi serikali ya Kenya nyumba yake na sehemu kubwa ya alichokusanya. Historia ya mkusanyo huo inastahili kuandikwa kwa Kiswahili na kusomwa hata huku kwetu, mbali na Nairobi.

Mkusanyaji, 1911 hadi 1962

Joseph Zuzarte Murumbi alizaliwa mwaka 1911 katika Bonde la Ufa. Baba yake alikuwa mfanyabiashara Mgoa, mama yake Mmaasai. Alipelekwa kusoma India akiwa mdogo, akarudi Kenya akiwa kijana anayefahamu dunia mbili na asiye wa upande mmoja pekee. Wanaosimulia maisha yake huanza na siasa. Mimi naona mkusanyaji ndani yake alianzia hapo hapo: mtoto aliyekulia katikati ya tamaduni hujifunza mapema kutazama mavazi ya mtu kabla hajasikia maneno yake.

Katika miaka ya 1940 alifanya kazi Somalia, chini ya utawala wa kijeshi wa Waingereza. Si jambo dogo kwa historia hii. Mogadishu ni mji ambao Ibn Battuta aliupitia mwaka 1331, akaandika kwamba nguo zilizofumwa humo zilisafirishwa mpaka Misri. Wafumaji wa pwani ya Benadir waliendelea kukaa kwenye vitanda vyao vya kufumia karne kwa karne. Murumbi aliishi miaka mingi katika nchi ambayo ufumaji wa mkono ulikuwa bado kazi ya mjini, iliyofanywa mchana kweupe.

Alirudi Nairobi mwaka 1952. Mwezi Oktoba mwaka huo hali ya hatari ilitangazwa, viongozi wa Kenya African Union (KAU) wakakamatwa, naye akawa kaimu katibu mkuu wa chama kilichokuwa kinavunjwa. Mwaka 1953 aliondoka nchini, akaishia London. Huko alifanya kazi na shirika la kupinga ukoloni, Movement for Colonial Freedom, baadaye katika ubalozi wa Morocco, na huko ndiko alikomkuta Sheila, mkutubi Mwingereza aliyekuja kuwa mke wake na mlinzi wa kila alichokileta nyumbani.

London ya miaka ya 1950 ilikuwa imejaa Afrika. Vitabu vya wasafiri na wamishonari, ramani, vinyago, mapambo, vitambaa: vyote viliuzwa katika maduka ya vitu vya kale. Mwafrika aliye uhamishoni angeweza kuvipita kwa uchungu. Murumbi alivinunua. Alianza na vitabu, na kwa miaka iliyofuata maktaba yake ikapita vitabu 50,000, kati yake zaidi ya 8,000 vilivyochapishwa kabla ya mwaka 1900. Vinyago, vito na nguo vilifuata. Ndiyo njia ya wakusanyaji wengi: kitabu humwonyesha msomaji picha ya kitu, na msomaji hatulii mpaka akishike.

Waziri na mnunuzi, 1962 hadi 1972

Alirudi Kenya mwaka 1962, uhuru ukiwa mlangoni. Akawa Waziri wa Nchi, kisha Waziri wa Mambo ya Nje kuanzia 1964, na mwezi Mei 1966 akawa Makamu wa Rais wa pili wa Kenya. Hakukaa hata mwaka mmoja katika cheo hicho. Rafiki yake wa karibu, Pio Gama Pinto, alikuwa ameuawa Februari 1965. Kabla ya 1966 kwisha Murumbi aliacha serikali.

Kwa mkusanyo, miaka hii ilikuwa ya mavuno. Waziri wa mambo ya nje husafiri, na popote alipofika Murumbi alikwenda sokoni na kwa mafundi. Hapa ndipo nguo za Afrika zinapoingia kwa wingi katika simulizi, na inafaa tukae nazo kidogo, kwa sababu wengi wetu tunazijua kwa jina tu.

Kente ya Waasante na Waewe hufumwa kwa vipande vyembamba kama mkanda, kisha vipande vikashonwa pamoja mpaka viwe shuka pana. Adire ya Wayoruba hufungwa au kupakwa wanga, ikachovywa katika nili. Palipozibwa hubaki peupe. Bogolan ya Mali hupakwa tope lililovundishwa lenye chuma, juu ya kitambaa kilicholoweshwa maji ya majani, na weusi wake hutokana na kukutana kwa chuma na majani hayo. Wakuba wa Kongo hufuma nyuzi za miwale, kisha wanawake hudarizi juu yake mistari inayokatana bila kurudia mchoro. Waganda huchuna gome la mtuba, wakaligonga kwa nyundo za mbao mpaka lilainike na kutanuka. Kazi hiyo UNESCO iliitangaza kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005. Na pwani yetu ina kanga, iliyoanza mwishoni mwa karne ya 19 wanawake walipounganisha leso za madukani kuwa vazi moja, na iliyopata nguvu mpya Mombasa pale Kaderdina Hajee Essak alipoanza biashara yake mwaka 1887. Chapa yake, "Mali ya Abdulla", bado ipo kwenye pindo za kanga.

Anayezitazama nguo hizi pamoja haoni tena nchi moja moja. Anaona bara lililokuwa na viwanda vyake kabla ya merikani, kitambaa cha Marekani kutoka Salem, kushuka Unguja katika miaka ya 1830. Hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo hoja iliyomfanya Murumbi akusanye kutoka Afrika nzima badala ya Kenya peke yake. Alikuwa mtu wa Umoja wa Afrika, na mkusanyo wake ulisema jambo lile lile kwa njia ambayo hotuba haiwezi.

Jumba la sanaa, 1972 hadi miaka ya 2000

Mwaka 1972 Murumbi, Sheila na Mmarekani Alan Donovan walifungua African Heritage jijini Nairobi. Donovan alikuwa amefika Afrika mwaka 1967 kama mtumishi wa shirika la misaada la Marekani nchini Nigeria, wakati wa vita vya Biafra. Baadaye aliacha kazi hiyo, akasafiri kwa gari mpaka Kenya, akakusanya vitu vya Waturkana na kuvionyesha Nairobi. Katika maonyesho hayo ndipo Murumbi alipomkuta.

African Heritage ilikuwa duka, jumba la maonyesho na karakana kwa pamoja, nayo ikakua kuwa jumba kubwa la sanaa la bara zima. Ilileta kitu ambacho makumbusho ya kikoloni hayakuwa nacho: nguo ziliondolewa nyuma ya kioo zikavaliwa. Maonyesho ya mavazi ya African Heritage yalisafiri nje ya Kenya, wanamitindo wakiwa wamevaa vitambaa vya mafundi wa Afrika na vito vya shaba na shanga. Muziki ulikuwepo pia. Bendi ya African Heritage ndiyo iliyomtoa Ayub Ogada na nyatiti yake, kijana ambaye wakati huo aliitwa Job Seda.

Wapo wanaosema kwamba nguo ya makumbusho haipaswi kuguswa, sembuse kuvaliwa. Wana haki, kwa nguo iliyo peke yake duniani. Lakini African Heritage ilifanya kazi nyingine: ilimlipa mfumaji aliye hai. Mkusanyo wa nguo ambao haumjali mfumaji wa leo hatimaye huwa orodha ya vilivyokufa.

Jumba lilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Donovan aliendelea na African Heritage House, nyumba aliyoijenga kandokando ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi kwa kufuata usanifu wa udongo wa Afrika Magharibi na wa pwani ya Waswahili, ikiwa imejaa samani, vinyago na nguo. Reli mpya ya kisasa ilipopangwa kupita eneo hilo, nyumba ilikuwa hatarini. Mwaka 2016 ilitangazwa rasmi kuwa kumbukumbu ya taifa, ikasalimika. Donovan alifariki Desemba 2021.

Kukabidhi: hatua ngumu kuliko zote

Hapa ndipo kila mkusanyaji hupimwa. Kununua ni furaha. Kutunza ni kazi. Kuachia ndiko wengi hushindwa, nao wakifa vitu hugawanywa na warithi, huuzwa mnadani, huvuka bahari.

Mkusanyo wa Murumbi ungeweza kwenda ng'ambo. Wanunuzi wa vitu vya namna hiyo hawakukosekana. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1970 Murumbi aliikabidhi serikali ya Kenya nyumba yake ya Muthaiga pamoja na maktaba na mkusanyo, kwa mauzo yaliyokusudiwa kuzaa Taasisi ya Masomo ya Afrika yenye jina lake. Yeye na Sheila wakahamia Intona, shamba lao la Trans Mara, wakajenga nyumba nyingine kubwa na kuanza kukusanya upya.

Taasisi ile haikusimama kama ilivyokusudiwa, na nyumba ya Muthaiga baadaye ilibomolewa. Historia ya kumheshimu haipaswi kuficha jambo hilo, wala kulifanya kuwa hadithi nzima. Vitabu na nyaraka vilihamishiwa Nyaraka za Taifa za Kenya, idara iliyoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1965, ambayo Murumbi mwenyewe aliwahi kuihudumia kama kaimu mwenyekiti. Jengo lake, lililokuwa la benki, liko Moi Avenue katikati ya jiji, mahali ambapo mpita njia yeyote anaweza kuingia. Huenda Muthaiga pangekuwa pazuri zaidi. Moi Avenue pamekuwa pa watu zaidi.

Murumbi alifariki Juni 1990, akazikwa City Park, karibu na kaburi la Pinto kama alivyotaka. Sheila alimfuata mwaka 2000.

Ulezi wa wadhamini

Baada ya wenyewe kuondoka, kazi iliingia mikononi mwa wadhamini wa Murumbi Trust, Donovan akiwa mbele. Walifanya mambo matatu. Waliokoa vitu vilivyobaki nje ya mikono ya serikali. Walisimamia maonyesho katika Nyaraka za Taifa, ambako ghorofa ya chini ilipangwa kuwa jumba la sanaa lenye jina la Murumbi. Na walilinda kaburi la City Park, eneo lililokuwa likinyemelewa na wanyakuzi wa ardhi, kwa kulizunguka na bustani ya sanamu iliyofunguliwa mwaka 2009.

Kituo cha pili cha mkusanyo ni Nairobi Gallery, chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Jengo hilo la mwaka 1913 lilikuwa ofisi ya Mkuu wa Mkoa, walikoandikishwa waliozaliwa, waliooana na waliofariki, na ndipo umbali wa barabara kutoka Nairobi ulipoanza kuhesabiwa. Sasa vyumba vyake vina vito, nguo, vinyago na stempu za Joseph na Sheila Murumbi.

Tarehe za kukumbukwa

| Mwaka | Tukio |
|---|---|
| 1911 | Joseph Murumbi azaliwa |
| 1952 | Arudi Nairobi kutoka Somalia. Awa kaimu katibu mkuu wa KAU |
| 1953 | Aenda uhamishoni. Mkusanyo wachukua sura London |
| 1962 | Arudi Kenya |
| 1965 | Sheria yaunda Nyaraka za Taifa za Kenya |
| 1966 | Makamu wa Rais kuanzia Mei. Aacha serikali mwaka huo huo |
| 1972 | African Heritage yafunguliwa Nairobi |
| Nusu ya pili ya miaka ya 1970 | Nyumba ya Muthaiga na mkusanyo vyakabidhiwa serikali |
| 1990 | Murumbi afariki |
| 2000 | Sheila Murumbi afariki |
| 2009 | Bustani ya sanamu yafunguliwa City Park |
| 2016 | African Heritage House yawa kumbukumbu ya taifa |
| 2021 | Alan Donovan afariki |

Kazi isiyoonekana

Mgeni wa maonyesho huona nguo imening'inia chini ya taa hafifu, akalalamika kwamba haoni vizuri. Taa ile ni hafifu kwa makusudi. Mwanga hula rangi, na rangi ikiliwa hairudi. Ndiyo maana wahifadhi wa nguo hupima mwanga wasiache upite kiasi cha laksi 50, na huzipumzisha nguo gizani baada ya miezi michache ya maonyesho. Unyevu ukizidi, ukungu huota. Ukipungua sana, nyuzi hukauka na kukatika. Nguo haikunjwi kwa muda mrefu, maana mkunjo ndio huwa mstari wa kwanza wa kupasuka. Huviringishwa kwenye bomba pana lililofunikwa kwa kitambaa safi cha pamba. Nondo na wadudu wengine huuawa kwa kuigandisha nguo katika baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku kadhaa, bila dawa. Na zile rangi nyeusi zilizotengenezwa kwa chuma, kama za bogolan, hutafuna uzi wenyewe mwaka hadi mwaka hata zikihifadhiwa vizuri.

Bibi zetu walijua nusu ya elimu hii. Sanduku lililofungwa, karafuu au majani ya mwarobaini ndani yake, nguo kuanikwa kivulini. Walichokosa ni daftari. Nguo isiyo na maelezo ya mfumaji, mahali, mwaka na shughuli iliyovaliwa ina nusu ya thamani yake, na hapo ndipo Sheila, mkutubi kwa mafunzo, anapostahili kutajwa sawa na mumewe. Mnunuzi huleta kitu nyumbani. Mkutubi hukipa jina na namba, na kwa namba hiyo ndipo mjukuu atakapokipata.

Duniani nako

Murumbi alikuwa na watangulizi. George Hewitt Myers, Mmarekani, alianza kununua mazulia ya Mashariki akiwa bado mwanafunzi wa Yale, na mwaka 1925 akafungua Textile Museum nyumbani kwake Washington, akiwa na mazulia 275 na nguo nyingine 60. Alipofariki mwaka 1957 zilikuwa zimefika maelfu: za Peru ya kale, za Wakristo wa Misri, za Uislamu wa kwanza, za Asia. Kwa miaka mingi makumbusho hayo yalibaki katika nyumba hiyo hiyo. Kisha yakaungana na Chuo Kikuu cha George Washington, na Machi 2015 yakafunguliwa katika jengo jipya chuoni.

Tofauti kati ya Myers na Murumbi iko kwenye fungu la fedha. Myers alitoka katika ukoo wenye mali na aliweza kuiachia taasisi yake msingi wa kudumu. Murumbi alikuwa na mshahara, kisha uenyekiti wa kampuni, na hakuacha mtaji wa namna hiyo. Ndiyo maana mkusanyo wake ulitawanyika kati ya nyumba moja na nyingine kabla ya kupata paa la kudumu. Anayetaka kuanzisha kitu kama hiki Songwe, mkoa ulioundwa mwaka 2016, aanze na swali hilo: nani atalipa umeme na mlinzi mwaka wa thelathini?

Hilo halimzuii mtu kuanza na sanduku moja. Mbozi bado kuna wazee waliosikia habari za wafumaji kutoka kwa wazazi wao. Vitenge vya vyama vya siasa, vya harusi, vya misiba ya viongozi, vya viwanda kama Urafiki, kilichojengwa Dar es Salaam kwa msaada wa China na kufunguliwa 1968, vipo makabatini kwa mama zetu kuanzia Itumba hadi Vwawa. Kila kimoja kinahitaji karatasi ndogo: kilinunuliwa wapi, kwa shughuli gani, nani alikivaa. Kwa sasa, anayetaka kuona kazi hiyo ilivyofanywa na mtu mwingine akifika Nairobi aende Moi Avenue, aingie Nyaraka za Taifa, aulize jumba la Murumbi. Kisha avuke mji mpaka Nairobi Gallery, kwenye lile jengo la 1913.